Mzee wa Daraja la Kukunja

Alitazama miguu. Ukimjia gatini ukitaka kuvuka, hakuinua macho kukuangalia usoni. Aliangalia vidole, visigino, akala, patipati, gambuti za wavuvi, viatu vya ngozi vya walimu, na kwa hayo akajua wewe ni nani na umetoka wapi. Mimi alinitambua kwa kiatu cha kushoto, ambacho soli yake huisha upande mmoja. "Mhubiri amefika," alikuwa akisema akiwa bado ameinama, "na leo hajakula." Jinsi alivyoiona njaa kwenye kiatu, sikuwahi kujua.

Nilimjua kwa miaka mingi, na jina lake sitalitaja kwa kuwa pale gatini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mzee wa Daraja. Mimi ni mzee wa kanisa, wa wale wanaoshika Sabato, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimelihudumia kundi dogo la waumini kisiwani Remba. Ijumaa nilipanda boti kutoka upande wetu wa Migori, Jumapili nikarudi. Kwa hiyo nililikanyaga daraja lake zaidi kuliko nilivyokanyaga kizingiti cha kaka yangu wa damu, na namshukuru Mungu kwamba sikuanguka hata mara moja.

Daraja lenyewe lilikuwa vipande vitatu vya mbao nyepesi vilivyoungwa kwa bawaba nzito, alizozipata Migori mjini kwa mtu aliyekuwa akivunja lori kuukuu. Likikunjwa, lilikuwa kama kitanda kilichokunjwa, mtu mmoja akaweza kulitia begani na kuondoka nalo. Likikunjuliwa, lilitoka ukingo wa boti likafika gatini. Upande mmoja lilikuwa na kulabu mbili za kushika boti, juu yake vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari ili mguu usiteleze, na kamba ya nailoni ya kushikilia. Gati letu lilijengwa wakati ziwa limerudi nyuma. Kisha ziwa likapanda likalifunika nusu, na boti kubwa za abiria hazikuweza tena kusogea karibu. Kabla ya daraja lake, watu walibebwa mgongoni. Vijana wenye nguvu waliingia majini hadi kiunoni, wakawabeba akina mama na mabeseni yao, wakawatua ufukweni wakiwa wamelowa nusu na wamekasirika kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wabebaji hao. Aliacha siku alipombeba mkwewe. "Nilipomweka chini," aliniambia, "hakuna kati yetu aliyejua atazame wapi. Nikasema, lazima mtu aingie kwao kwa miguu yake."

Maneno hayo nayaandika mapema kwa sababu yalikuja kumgeukia. Kwa neno moja lililotoka kinywani mwake, kijana mzima alizikwa na watu wa kwao, na kwa miaka mingi hakuweza kuingia katika boma la mama yake, wala kwa miguu wala kwa namna nyingine. Hilo ndilo lililomla mzee huyu.

Lakini nisiwafanye mdhani alikuwa mtu wa huzuni. Gatini palikuwa na kicheko kila boti ilipofika. Sheria yake ilikuwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, awe mbunge au mchuuzi wa nyanya, na makondakta wa boti walimchukia kwa hilo.

"Mzee, kunja hiyo kitu twende! Samaki wetu wanaoza!"

"Samaki wako walioza jana. Ngoja mama ashuke."

Namkumbuka mama mmoja mnene aliyesimama ukingoni mwa boti na kukataa kukanyaga.

"Mama, usiogope. Hii daraja imebeba mpaka ng'ombe."

"Na huyo ng'ombe alifika?"

"Alifika. Jana tulimla."

Mama akacheka hadi akasahau woga, na alipokuja kukumbuka alikuwa tayari nchi kavu. Ndivyo alivyowavusha watu. Aliwashika kiwiko kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeshika yai, akawazungumzia mambo mengine. Mimi alinitania kwa Sabato yangu. "Nyinyi mnapumzika Jumamosi. Na omena huko ziwani, mmewaambia?" Alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri, na kila Ijumaa tulibishana kidogo, kisha akaniambia nimwombee.

Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Mtu huyu aliyeishi majini hakupanda boti kamwe. Mwaka baada ya mwaka alisimama mwisho wa daraja lake, na mguu wake haukuvuka kulabu. Nilipomuuliza alisema kazi yake inaishia hapo. Na jambo la pili: hakusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu. Ukimuuliza kama boti ya saa nne imekwisha ondoka, na hakuiona ikiondoka kwa macho yake, alisema, "Sijui," ingawa gati lilikuwa tupu. Watu walimwona mgumu kwa sababu hiyo. Lakini palipokuwa na ugomvi juu ya nani alipanda na mzigo upi, hata askari walimwendea yeye, na alilosema ndilo lililobaki.

Mara moja tu alisema analijua jambo ambalo hakulijua.

Boti iliondoka asubuhi kwenda Remba ikiwa imejaa watu na magunia ya mahindi. Upepo uliikuta katikati. Waliookolewa walikuwa wachache, na kila mmoja wao alikumbuka maji tu, hakumkumbuka aliyeketi karibu naye. Miili mingine ilipatikana, mingine haikupatikana. Miongoni mwa waliotafutwa alikuwa Ochieng', kijana aliyekuwa akichimba dhahabu Masara, ambako jiwe lilimkata kidole cha pili cha mguu wa kulia. Alikuwa ameyaacha mashimo akajaribu bahati yake kwenye uvuvi. Mama yake, mjane, alishuka kutoka boma lao huko juu, akaja hadi gatini akiwa na leso kichwani na bila viatu.

Nilikuwepo, kwa maana tulikuwa tukikesha na wafiwa. Alimwendea mzee moja kwa moja, akamwita kwa neno la heshima la Kijaluo.

"Jaduong', mwanangu ulimwona?"

"Nilimwona akipanda, mama. Niliujua mguu wake."

"Alishuka tena kabla haijaondoka?"

Mzee alikuwa amechoka. Siku kadhaa hakuwa amelala. Alikuwa akipokea waliokufa. Akasema, "Hakushuka."

Mama yule akaketi chini palepale kwenye simenti yenye maji. Hakulia. Alirudi kwao akawaambia kwamba Mzee wa Daraja amesema.

Kwetu, mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, hatuachi nafasi yake wazi. Hutafutwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye kamba yake, likalazwa ndani ya jeneza, likaliliwa kama mtu, likazikwa upande anaostahili mwenyewe. Kuanzia hapo amekwisha rudi nyumbani, amepumzika, na walio hai wanaweza kuendelea. Sisi wa kanisa letu tuna maswali yetu juu ya desturi hiyo. Lakini siku ya Ochieng' nilikaa nyuma ya watu, nikalia na waliolia, na nikamwona Mzee wa Daraja akichota udongo kwa mikono miwili na kuumwaga taratibu kaburini, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Baada ya hapo alianza kuchelewa kukunja. Abiria wa mwisho ameshuka, kondakta anapiga kelele, injini inanguruma, na yeye amesimama, mkono juu ya kamba, anatazama zile mbao tupu. "Nani mwingine?" aliuliza boti isiyo na mtu. Makondakta walisema amerukwa na akili. Wachuuzi wa omena walisema wanaomjia ni wale wa boti ile, kwamba hawana pengine pa kushukia.

Mimi naamini kama nilivyofundishwa, kwamba aliyekufa amelala hadi aitwe na Yeye aliyemuumba, na hatembei juu ya mbao za mtu. Nimelihubiri hilo kwenye matanga mengi, na bado nalihubiri. Lakini Jumapili moja nilishuka wa mwisho, nikasimama karibu naye nikifunga kamba ya kiatu, na nikasikia daraja likilia nyuma yangu. Ubao wa kwanza, karibu na boti. Kisha wa katikati. Kisha ule wa chini, karibu na sikio langu. Ulikuwa ni mlio uleule ambao uzito wangu ulikuwa umetoka kuutoa. Nikamwambia ni mawimbi. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia, na sote wawili tulikuwa tukiliona.

Aliinama, akasogeza mguu wake kando, kama unavyompisha mtu.

Ikawa hivyo miaka kadhaa. Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini na gati limejaa watu, miguu ilishuka darajani na mmoja wao haukuwa na kidole cha pili. Mzee alinisimulia Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama.

"Nimeona mguu wa mfu."

"Mfu hana mguu, mzee."

"Huyu anao. Umepungukiwa kidole. Nikainua macho. Mhubiri, mimi siinui macho. Niliinua. Ni yeye, na ndevu zimemtoka. Akaniangalia, akageuka, akarudi ndani ya boti ya Remba. Na mimi sikumwita."

Ilikuwa rahisi kwangu kusema ni uchovu. Lakini nilikuwa nikienda Remba siku hiyohiyo, na Remba ni mahali padogo mno kwa mtu kujificha, mabati juu ya mabati. Sikutafuta sana. Nilimpata nyuma ya vibanda, mahali wanawake wanapoanika omena juu ya nyavu kuukuu, amechuchumaa akila kwenye sufuria. Alinifahamu. Nilimgusa bega kabla ya salamu, Mungu anisamehe, ili nijue kama ana joto. Alikuwa nalo.

"Mhubiri, umekuja kunifukuza?" aliuliza.

"Nani amfukuze mtu hai?"

Akacheka kicheko kibaya. "Hai kwa nani?"

Akanieleza. Asubuhi ile, alipokwisha panda, mtumbwi wa marafiki zake ulikuwa umejibana ubavuni mwa boti, upande wa pili. "Wakaniita, 'Omera, ndugu yetu, ruka, tunaenda visiwa vya Tanzania, huko sangara ni wengi.' Nikaruka. Mzee alikuwa ameinama anakunja daraja." Simu yake iliingia maji alipokuwa akiruka. Miezi ilipita kabla hajapata nyingine, na namba moja tu aliikumbuka kwa moyo. "Nikampigia Mama. Nikasema, Mama, ni mimi. Akapiga nduru. Halafu nikasikia maji." Mama yake alikuwa ameitumbukiza simu ndani ya pipa. Muda si mrefu akakutana na mtu wa kwao hukohuko visiwani, na mtu huyo alipomwona alikimbia. Alipotulizwa akiwa mbali, ndipo akamweleza kwa kupaza sauti kwamba amezikwa, na kwamba kaburi lake limetiwa simenti.

"Tangu siku hiyo," Ochieng' akasema, "nikilala naota nipo ndani na wao wako nje wanakula. Siku ile nilishuka gatini nikitaka kufika. Nikaona mzee amegeuka rangi. Nikajua, kama huyu ananiogopa, Mama atakufa."

Tulimwendea mama yake, mzee na mimi. Mzee aliacha kazi siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Tulimkuta akipepeta mtama, na shemeji yake, baba mdogo wa Ochieng', amekaa kwenye kigoda karibu na boma la ng'ombe. Mzee akasema yote, bila kujitetea. Mama akaendelea kupepeta mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyeniambia hakushuka," akasema. "Nikalia. Nikazika. Nikaanza kulala. Sasa unaniambia anatembea. Nikuamini kinywa kipi?"

"Hiki cha sasa, mama."

"Na mimi nilipigiwa simu. Jachien anajua kuiga sauti ya mtoto kwa mama yake. Hukuambiwa hivyo ulipokuwa mdogo?" Jachien ni roho ya mfu asiyetulia, ile inayorudi kudai.

Baba mdogo akaongeza, kwa upole, na sikumwona mtu mbaya: "Hata kama ni yeye. Atapita wapi? Lango lile, tulipitisha jeneza lake. Aliyezikwa hapiti langoni kama mgeni. Na tukivunja ua tumpitishe, ua huvunjwa kwa ajili ya vifo vibaya. Tutakuwa tumeita kingine."

Nilitaka kufungua Neno hapo, na nilikuwa na maandiko mengi. Nilitazama uso wa mama yule nikayaacha yalipo.

Tangu siku hiyo, kila baada ya misa ya Jumapili, Mzee wa Daraja alipanda hadi kwenye boma hilo na kukaa nje ya lango, juu ya jiwe. Hakubisha hodi wala hakusema neno. Mwanzoni watoto walimtupia mahindi makavu. Mvua ikija alijifunika gunia. Nadhani wengine wangechoka kabla ya mavuno mawili. Siku moja mama yule akatoka, akasimama upande wake wa lango.

"Huyo unayesema. Huko kisiwani anakula nini?"

"Mhubiri alimwona akila omena na ugali, mama. Kama watu."

"Anawalaje?"

Mzee hakuelewa, na mwenyewe hakuwahi kumwona akila. Alinipigia simu papo hapo, simu ikiwa katika sauti kubwa. Nikamwambia nilichokiona siku ile nyuma ya vibanda: kwamba Ochieng' alikuwa akiwakata omena vichwa kwanza, wote, akivipanga ukingoni mwa sufuria, ndipo akaanza kula. Nilimsikia mama akivuta pumzi.

"Nilimchapa sana kwa tabia hiyo," akasema. "Mwambieni aje. Lakini mimi sina mahali pa kumpitisha."

Kilichofuata watu wa kwetu bado wanakizungumza, na kila mmoja anakizungumza kwa namna yake. Mimi naandika nilichokiona. Mzee alilitia daraja lake begani, akalitoa ziwani kwa mara ya kwanza tangu alitengeneze, akasimamisha bodaboda.

"Mzee, hii ni kitanda ama ni nini?"

"Ni barabara."

"Barabara gani inakunjwa?"

"Twende, utaiona."

Ua wa boma lile ni wa mnyaa, mrefu kama kifua cha mtu, mnene, umepandwa na babu yake Ochieng'. Mzee aliuzunguka wote akitazama chini. Mbali na lango, upande wa jua linapochomoza, akafungua daraja. Kipande cha kwanza kikapanda kutoka barabarani, cha pili kikalala juu ya ua juu ya magogo mawili aliyoyasimika, cha tatu kikashuka ndani. Hakuna tawi lililovunjika. Akamwambia baba mdogo, "Mimi nawatoa watu mahali ambapo si nchi kavu, nawafikisha nchi kavu. Hapitii lango lenu. Na ua wenu mzima huo." Baba mdogo alikuja akaupapasa ua kwa muda mrefu, akitafuta pale ulipoumia. Kisha akaondoa kofia.

Ochieng' alikuwa ndani ya shamba la mahindi la jirani, ambako tulimficha asiwatishe watoto. Alipanda bila viatu. Mzee alimshika kiwiko hadi juu, na alipofika juu, akamwachia, kwa sababu zaidi ya hapo ni ndani. Mama yake alikuwa amesimama chini ya kipande cha tatu akiwa amemgeuzia mgongo. Alisikia mbao. Nilimwona akizisikiliza, ubao kwa ubao, na nikafikiri atakimbia. Hakukimbia. Kijana alipokanyaga udongo, akageuka na kumshika masikio yote mawili, kwa nguvu, kama anayemtoa mtoto kwenye mtungi wa asali.

"Umezeeka," akamwambia. "Nani alikuruhusu uzeeke?"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na watu wakaitikia. Nilipomtafuta Mzee wa Daraja nimkumbatie, alikuwa nje ya ua, peke yake, amekaa kwenye jiwe lake. Hakuingia. Alisema ataingia siku akialikwa, na alialikwa, na alikula pale mara nyingi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa taabu yake. Sikujua.

Habari ilipofika ufukweni, wengine walianza kuja. Boti ile ilikuwa na watu wengi ambao hawakuonekana, na kila mmoja alikuwa na nyumba, na katika nyumba nyingi hizo kulikuwa na yago chini ya udongo. Kwa miaka walikuwa wamepumzika juu ya neno la mzee. Sasa neno hilo lilikuwa limeonekana na ufa. Walikuja kutoka Muhuru, kutoka Mbita, mmoja alikuja kutoka Kisii, ambako alikuwa ameolewa upya. Na wangu? Wangu naye hakuruka upande wa pili? Walimjia gatini, wakamjia misani. Nilimwona mwanamume mzima akivua viatu vyake mwenyewe, akimwonyesha mguu: "Wa ndugu yangu ulikuwa kama huu. Tazama vizuri."

Mara ya mwisho nilimkuta kwake. Miguu yake ilikuwa imevimba na hakwenda tena ziwani. Serikali ya kaunti ilikuwa imeweka gati jipya linaloelea, na boti zinalisogelea zenyewe. Tulikaa mlangoni tukimenya njugu. Mwanamke akaja njiani, wa makamo, akiwa na mkoba wa kanisani na vumbi la safari ndefu. Alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye mkeka, akaingia kwenye jambo lake bila kuzunguka.

"Jaduong', mimi mume wangu alikuwa kwenye boti ile. Alivaa gambuti nyeusi, moja imetiwa kiraka chekundu."

Mzee akafumba macho. "Alinipa salamu ya mkono. Kiraka kilikuwa mguu wa kushoto."

"Ndiyo." Mwanamke akashika mdomo wake. "Shemeji zangu hawajazika kitu. Sasa wanataka tuzike yago, waseme yamekwisha. Wakizika, mimi ni mjane, na kuna mtu wamekwisha mchagua anirithi. Wasipozika, mimi ni mke wa mtu. Nimekuja nijue. Alishuka?"

Nilimtazama rafiki yangu. Nilijua alivyoumia kwa neno moja, na nilijua pia kwamba neno moja tu lingemtosha mwanamke huyu, lolote kati ya mawili, na angeondoka akiwa na kitu mkononi. Kimoyomoyo nilimwomba Mungu ampe la kusema.

"Mama," akasema, "nilikuwa nimeinama. Nilikuwa nakunja daraja. Sikuona."

"Kwa hiyo anaweza kuwa hai."

"Anaweza."

"Na anaweza kuwa hukohuko chini."

"Anaweza, mama."

Kuku mmoja aliingia kati yetu akadonoa maganda ya njugu, na hakuna aliyemfukuza. Nilifikiri mwanamke ataanza kulia, au atamlaani mzee. Badala yake aliuvuta mkoba wake, akatia mkono ndani yake, akautoa mtupu, akaurudisha mkoba, kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.

"Nimeuliza mapadri," akasema. "Nimeuliza waganga, na wavuvi, na mzee mmoja Homa Bay anayeota. Wote walijua." Akainuka, akajipangusa vumbi. "Nitawaambia shemeji zangu kwamba aliyekuwepo hajui. Nitawaambia hivyo mpaka wachoke."

Akamshukuru, akanishukuru na mimi, ambaye sikuwa nimefanya lolote, akashika njia.